Naibu Chansela: 'Naibu' anayebeba mzigo wa chuo kizima

KILA msimu wa mahafali unapowadia, wazazi kutoka Mwingi, Mutomo, Mbooni na Kibwezi hufunga safari hadi Kwa Vonza, Kaunti ya Kitui, kuwashuhudia wana wao wakivikwa joho la usomi. Hapo huwaona watu wawili ambao mavazi yao yanang'aa kuliko ya wengine. Wa kwanza ni Chansela, ambaye hutamka maneno machache ya kuwatunuku wahitimu digrii. Wa pili ni Naibu Chansela, ambaye husoma hotuba ndefu kuhusu hali ya chuo, idadi ya wahitimu, majengo yaliyokamilika na yale yaliyokwama.

Mzazi asiyezifahamu taratibu za vyuo vikuu hurejea nyumbani akiamini kuwa amemwona mkubwa na msaidizi wake. Hiyo ndiyo dhana ambayo neno 'naibu' huizua kwa urahisi. Naibu wa chifu ni msaidizi wa chifu. Naibu wa mwalimu mkuu hushika usukani mwalimu mkuu anapokuwa safarini. Naibu Chansela si hivyo. Yeye ndiye mkuu wa chuo, asubuhi hadi jioni, siku zote za mwaka.

Kosa hili la kutolielewa jina si dogo kama linavyoonekana. Wananchi wengi humdai Naibu Chansela mambo ambayo sheria haikuyaweka mikononi mwake, kama vile kupunguza karo au kuamua nani apewe mkopo. Wakati uo huo, mambo ambayo kwa hakika yamo mikononi mwake, kama vile ubora wa mafunzo, usahihi wa mitihani na matumizi ya pesa, hupita bila kuulizwa.

Katika kaunti za Kitui na Makueni, ambako familia huuza mbuzi, ndengu na hata kipande cha shamba ili mtoto asome, ni muhimu wananchi wajue kiti hicho kina uwezo gani na mipaka yake ni ipi.

Jina lilikotoka

Cheo hiki kilitoka Uingereza. Huko, Chansela wa chuo kikuu aghalabu alikuwa mtu mashuhuri wa jamii ya kifalme, wa kanisa au wa siasa, aliyekipa chuo heshima lakini hakuketi chuoni kukiendesha. Kazi ya kila siku iliachiwa msomi aliyeitwa naibu wake. Miaka ilivyosonga, heshima ilibaki kwa Chansela na mamlaka yakakita kwa naibu.

Watanzania walipolitafsiri jina hilo walijaribu kuuondoa utata. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwenye wadhifa huo huitwa Makamu Mkuu wa Chuo. Kenya, vyombo vya habari na wasemaji wengi wameshikilia 'Naibu Chansela'. Matokeo yake ni kuwa msaidizi wa mkuu huyo hana budi kuitwa naibu wa Naibu Chansela, jina ambalo humchanganya msikilizaji hata zaidi.

Historia ya Kenya nayo iliongeza utata. Tangu Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzishwa mwaka 1970, Rais wa nchi ndiye aliyekuwa Chansela. Vyuo vingine vya umma vilipoongezeka, Rais alikuwa Chansela wa vyote. Hapo Chansela hakuwa pambo. Alikuwa kiongozi wa taifa mwenye uwezo wa kumteua Naibu Chansela na kumwondoa, na kila aliyeketi katika kiti hicho alijua kalamu iliyomweka iko wapi.

Ukambani panajulikana mfano mmoja wa enzi hizo. Profesa Philip Mbithi, mwanasosholojia aliyeandika pamoja na Rasmus Rasmusson kitabu kuhusu harambee kilichochapishwa mwaka 1977, alikuwa Naibu Chansela wa Chuo Kikuu cha Nairobi kuanzia mwaka 1985 hadi 1991. Alipotoka hapo alikwenda moja kwa moja kuwa mkuu wa utumishi wa umma katika serikali ya Rais Daniel arap Moi. Safari hiyo kutoka chuoni hadi ikulu inaonyesha jinsi ofisi hizo mbili zilivyokuwa karibu.

Mwaka 2003, Rais Mwai Kibaki aliachana na desturi hiyo na kuanza kuwateua watu wengine kuwa machansela. Chuo Kikuu cha Nairobi kilimpata mfanyabiashara Joe Wanjui. Tangu wakati huo Chansela amebaki kuwa nembo ya heshima, na macho ya umma yakapaswa kumgeukia Naibu Chansela.

Viti vitatu, majukumu matatu

Sheria inayosimamia vyuo vikuu nchini ni ile ya mwaka 2012, ambayo imefanyiwa marekebisho mara kadhaa. Anayetaka kuielewa ofisi ya Naibu Chansela sharti kwanza avitenganishe viti vitatu.

Kiti cha kwanza ni cha Chansela. Huyu ndiye kilele cha heshima ya chuo na ndiye huwatunuku wahitimu digrii. Hatii saini hundi wala hapangi ratiba ya masomo.

Kiti cha pili ni cha Baraza la Chuo. Hili lina mwenyekiti na wanachama wachache, wakiwemo wawakilishi wa wizara za Elimu na Fedha. Baraza ndilo mwajiri. Huidhinisha bajeti, sera na mipango ya chuo, na Naibu Chansela huwajibika kwalo.

Kiti cha tatu ni cha Seneti, ambayo huwaleta pamoja wakuu wa vitivo, maprofesa na wawakilishi wengine wa wasomi. Seneti ndiyo huamua masuala ya masomo: mtaala upi ufundishwe, mwanafunzi gani amefuzu, matokeo yapi yaidhinishwe na digrii ipi itolewe.

Naibu Chansela ndiye daraja baina ya viti hivyo. Katika Baraza ni mtendaji mkuu anayepokea maagizo na kuleta ripoti. Katika Seneti ni mwenyekiti. Mbele ya Hazina Kuu na Bunge ni afisa mhasibu, yaani mtu ambaye jina lake huitwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anapouliza kila shilingi ilikokwenda.

Kwa hivyo ofisi hii ina nyuso mbili ambazo si rahisi kuzioanisha. Seneti ni mkutano wa wasomi wanaojadiliana hadi waafikiane, na mwenyekiti wake hawezi kuamrisha kama kamanda. Uhasibu wa pesa za umma, kwa upande mwingine, haungoji maafikiano. Risiti ipo au haipo. Msomi aliyetumia miaka 30 katika maabara hujikuta akisoma zabuni za ujenzi na mikataba ya wafanyakazi, kazi ambayo hakusomea popote.

Wasaidizi wake, ambao kwa kawaida hushughulikia masomo na utafiti kwa upande mmoja, na utawala na fedha kwa upande mwingine, humpunguzia mzigo. Hata hivyo, lawama haigawanywi. Mambo yakienda mrama, ni yeye anayeitwa.

Chuo kilichotokana na harambee

Kitui na Makueni ni kaunti jirani zinazofanana kwa lugha, kwa ukame na kwa kiu ya elimu. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Kitui ilikuwa na watu 1,136,187 na Makueni watu 987,653. Kitui ni pana mno, zaidi ya kilomita mraba 30,000, ilhali Makueni, iliyomegwa kutoka Machakos mwaka 1992 ikiwa wilaya, ina takriban kilomita mraba 8,000.

Kwa miaka mingi, mtoto wa eneo hili aliyepata nafasi ya kuingia chuo kikuu alilazimika kuondoka kwenda Nairobi, Njoro au Eldoret. Hamu ya kuwa na taasisi ya juu nyumbani ndiyo iliyowasukuma wenyeji kuchanga pesa kwa harambee na kuanzisha Taasisi ya Kilimo ya Ukamba, iliyojulikana kama UKAI, huko Kwa Vonza. Desturi ya kushirikiana haikuwa ngeni kwao. Wakamba huiita mwethya kazi ya kijiji ya pamoja, na kwa njia hiyo walichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko na kujenga madarasa.

Mnamo Julai 2008, serikali iliigeuza taasisi hiyo kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Mnamo Machi 1, 2013, katika siku za mwisho za utawala wa Rais Kibaki, kilipewa hati ya idhini na kuwa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kifupi SEKU. Ulikuwa msimu wa neema kwa vyuo vingi. Idadi ya vyuo vikuu vya umma nchini ilipanda kutoka saba mwaka 2012 hadi 22 mwaka 2013.

Profesa Geoffrey Muluvi, aliyekuwa mkuu wa chuo hicho kikiwa bado kishiriki, ndiye aliyekuwa Naibu Chansela wa kwanza. Taaluma yake ni jenetiki ya mimea. Utafiti mmoja aliouchapisha na wenzake mwaka 1999 ulichunguza tofauti za kijenetiki katika mlonge, mti unaostahimili ukame na ambao wakulima wengi wa nyanda kavu wanaufahamu. Aliyeshika usukani baada yake ni Profesa Douglas Shitanda, msomi wa uhandisi.

Mabadiliko ya mwaka 2013 yalikuwa makubwa kwa ofisi yenyewe. Mkuu wa chuo kishiriki huegemea ukuta wa chuo kikuu mama. Mitihani yake hupitia Seneti ya mama na digrii hutolewa kwa jina la mama. Chuo kinapojitegemea, ukuta huo huondolewa. Sahihi ya Naibu Chansela ndiyo inayomhakikishia mwajiri wa Mombasa au London kwamba aliyeshika cheti alisoma kweli. Jina la Nairobi lilikuwa limejengwa kwa miongo minne, nalo la Kwa Vonza lilianza kujengwa siku hiyo.

Pesa: palipo na mwiba

Ukimuuliza mwanakijiji wa Kwa Vonza au Wote Naibu Chansela ana nini, huenda akakwambia ana pesa. Hapa ndipo dhana na ukweli hutengana zaidi.

Kwa zaidi ya miaka 30, mwanafunzi aliyefadhiliwa na serikali katika chuo kikuu cha umma alitozwa karo ya Sh16,000 kwa mwaka. Bei za chakula, vitabu, kemikali za maabara na umeme zilipanda mwaka baada ya mwaka, lakini kiasi hicho hakikuguswa. Pengo lilipaswa kuzibwa na serikali, ambayo haikuwa ikilipa gharama yote.

Vyuo vilipata ahueni mwaka 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kuwasajili wanafunzi wanaojilipia karo kamili, mpango uliofahamika kama 'parallel'. Vyuo vingine vilifuata mkondo huo na kufungua mabewa katika miji midogo kwa mikubwa. SEKU ilikuwa na mabewa katika miji kama vile Kitui, Wote, Mtito Andei na Migwani. Mwalimu wa shule ya msingi aliyetaka digrii hakulazimika tena kuacha kazi. Alisoma wikendi na wakati wa likizo, karibu na nyumbani.

Kisha kisima kikakauka ghafla. Mwaka 2016 serikali ilikaza usimamizi wa mtihani wa KCSE. Watahiniwa waliopata alama ya A walikuwa 141 pekee, ilhali mwaka mmoja uliotangulia walizidi 2,600. Waliofikisha C+, alama ya chini ya kujiunga na chuo kikuu, walikuwa 88,929, ikilinganishwa na zaidi ya 160,000 mwaka 2015. Karibu wote waliofuzu walipata nafasi za kufadhiliwa na serikali, na wanafunzi wa kujilipia wakatoweka. Vyuo vichanga ambavyo havikuwa vimeweka akiba viliumia mapema.

Mwaka 2023, serikali ya Rais William Ruto ilileta mfumo mpya wa ufadhili. Badala ya kutuma mgao kwa chuo kulingana na idadi ya wanafunzi, serikali ilianza kumpima kila mwanafunzi kulingana na uwezo wa familia yake, kisha kumpa ufadhili na mkopo, huku mzazi akilipa sehemu iliyosalia. Wazazi wengi walilalamika kuwa watoto wao waliwekwa katika makundi yasiyowafaa. Mahakama Kuu iliuharamisha mfumo huo Desemba 2024, na mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo kwa muda.

Hebu msomaji amtazame Naibu Chansela katikati ya mvutano huo. Hakuupanga mfumo, hakumweka mwanafunzi yeyote katika kundi lolote, wala hatoi mikopo. Lakini mzazi kutoka Ikutha anapofika na barua inayomtaka alipe pesa ambazo hana, mlango anaougonga ni wa chuo.

Vivyo hivyo kwa mishahara. Wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kwa siku 49 kuanzia Septemba 17 hadi Novemba 5, 2025, wakidai Sh7.9 bilioni zilizotokana na mkataba wa mwaka 2017 hadi 2021. Fedha hizo zilitarajiwa kutoka kwa Hazina Kuu. Naibu Chansela alibaki na kalenda iliyovurugika, mabweni yaliyojaa wanafunzi wasio na wa kuwafundisha, na wazazi waliolipia nyumba za kupanga bure.

Hata hivyo, uhaba wa pesa usigeuzwe kuwa kisingizio cha kila kosa. Makato ya mfanyakazi yaliyokatwa kwenye hati ya mshahara yapelekwe yanakostahili. Jengo lililolipiwa lisimame. Idadi ya wafanyakazi wa ofisini isiwe nyingi kupita ya wahadhiri. Kuhusu mambo haya, Naibu Chansela hawezi kuinyoshea serikali kidole.

Nani humteua?

Mtu atarajiwaye kuketi katika kiti hiki huwa ni profesa mwenye shahada ya uzamifu na tajriba ya miaka mingi katika ufundishaji, utafiti na uongozi. Nafasi hutangazwa, waombaji huhojiwa, na anayeteuliwa hutumikia muhula wa miaka mitano unaoweza kuongezwa mara moja.

Hiyo ni lugha ya karatasi. Kwa vitendo, swali la nani hasa anashika kalamu ya uteuzi limezua migogoro mikubwa. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yaliiingiza Tume ya Utumishi wa Umma katika shughuli ya kuwasaka manaibu chansela, kazi ambayo awali ilikuwa ya mabaraza. Januari 2020, Baraza la Chuo Kikuu cha Nairobi lilimtangaza Profesa Stephen Kiama kuwa Naibu Chansela. Siku chache baadaye Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, alifuta uteuzi huo na kulivunja baraza lenyewe. Mzozo ulifika mahakamani, na hatimaye Kiama akashika wadhifa huo. Magoha mwenyewe alikuwa amekikalia kiti icho hicho kuanzia mwaka 2005 hadi 2015.

Mgogoro wa aina nyingine ulizuka Eldoret Septemba 2016. Profesa Laban Ayiro alipoteuliwa kukaimu katika Chuo Kikuu cha Moi, magavana Jackson Mandago wa Uasin Gishu na Alex Tolgos wa Elgeyo Marakwet waliongoza maandamano wakitaka kiti hicho kipewe mwenyeji.

Hoja hiyo ya mwenyeji haikosi masikio Ukambani pia. Jamii iliyochanga shilingi zake na kutoa ardhi hujihisi kuwa na haki ya kuuliza kiongozi anatoka wapi. Hisia hiyo inaeleweka, lakini sheria ina msimamo wake. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja.

Ipo pia sababu nzito kuliko sheria. Chuo kikuu ambacho mkuu, wahadhiri na wanafunzi wake wote wanatoka upande mmoja wa mto huishia kuwa shule ya kata yenye jina kubwa. Mtoto wa Makueni anayesoma pamoja na wenzake kutoka Turkana, Kisumu na Kwale hupata elimu ambayo haimo katika kitabu chochote. Swali la haki kwa Naibu Chansela, basi, ni atawafanyia nini watu wa eneo alilopewa kulihudumia.

Deni kwa ardhi kavu

Kaulimbiu ya SEKU huahidi kuigeuza nchi kame iwe ya kijani kibichi. Ni ahadi nzito katika eneo ambalo mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo tegemeo kuu la mkulima, na zikikosekana hakuna anayelala vyema hadi mwaka unaofuata.

Chuo hakikuanzia pasipo na kitu. Kituo cha Katumani, katika kaunti jirani ya Machakos, kiliwapa wakulima tangu miaka ya 1960 mbegu ya mahindi inayokomaa mapema. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Kiboko, kando ya barabara ya Mombasa katika Kaunti ya Makueni, kimejaribu mimea ya nyanda kame kwa miaka mingi. Na tangu miaka ya 1990, wanakijiji wa Kitui wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga katika mito ya msimu, ambamo maji hujificha chini ya mchanga jua lisiyafikie.

Kazi ya Naibu Chansela mwenye maono ni kuyaunganisha hayo yote na darasa. Yeye ndiye huongoza Seneti inapoamua kama chuo kifungue kozi nyingine ya biashara kwa kuwa ni rahisi kufundisha na huvuta wengi, au kiwekeze katika maabara ya udongo na maji ambayo ni ghali na wanafunzi wake ni wachache. Uamuzi wa kwanza huleta karo upesi. Wa pili ndio uliokuwa sababu ya wenyeji kuchanga.

Maswali ya eneo yapo tele. Makaa ya mawe ya Bonde la Mui yakichimbwa, ni nani atawaeleza wakazi kuhusu maji na hewa yao bila kutumwa na mwekezaji? Bwawa la Thwake, lililo katika makutano ya mito Athi na Thwake, maji yake yatakuwa salama kiasi gani ikizingatiwa kuwa Athi hupitia viwanda na mitaa ya Nairobi? Mchanga unaochotwa mitoni kwa malori usiku unaacha visima katika hali gani? Hayo ni maswali ya chuo kikuu kabla ya kuwa ya mwanasiasa.

Makueni imeonyesha kuwa msomi anaweza kuketi na mwanakijiji na wakaelewana. Profesa Kivutha Kibwana, aliyewahi kuwa mkuu wa Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuwa gavana wa kaunti hiyo kuanzia mwaka 2013 hadi 2022. Utaratibu wa serikali yake wa kuwashirikisha wananchi katika kupanga miradi, kuanzia kijijini hadi kaunti, ulivuta wageni kutoka kaunti nyingine waliokuja kujifunza. Watu waliozoea kuulizwa maoni kuhusu zahanati na barabara hawatakubali chuo kinachowatazama kutoka nyuma ya ua.

Mzazi aulize nini?

Wapo wanaodhani kuwa Naibu Chansela ni mtu wa kutazamwa kwa mbali siku ya mahafali. Lakini hiyo ni ofisi ya umma, na mwananchi ana haki ya kuihoji.

Swali la kwanza ni kuhusu kozi. Kabla ya kulipa hata senti moja, mzazi na mtoto waulize kama kozi wanayoitaka imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na kama ni ya taaluma kama vile uhandisi, uuguzi au sheria, bodi ya taaluma hiyo ina msimamo gani. Wahitimu wa uhandisi wa baadhi ya vyuo vya umma waliwahi kukataliwa na bodi yao, na kesi yao ikafika hadi Mahakama ya Juu mwaka 2018. Miaka iliyopotea mahakamani hairudishwi na hukumu yoyote.

Swali la pili ni kuhusu alama. Mwanafunzi ambaye matokeo yake hayaonekani hapaswi kuzungushwa miaka miwili. Aanze kwa mhadhiri na mkuu wa idara, apande hadi mkuu wa kitivo, kisha msajili wa masomo. Wakishindwa wote, ofisi ya Naibu Chansela, mwenyekiti wa Seneti, haiwezi kusema suala hilo haliihusu. Malalamiko yaandikwe na nakala ihifadhiwe.

Swali la tatu ni kuhusu pesa. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu vyuo vya umma huwasilishwa Bungeni na ni mali ya umma. Isitoshe, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 humruhusu kila raia kuomba habari kwa taasisi ya umma, nayo hutakiwa kujibu ndani ya siku 21. Anayepuuzwa anaweza kulipeleka lalama lake kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Kwa upande mwingine, yapo mambo ambayo ni dhuluma kumlaumu mtu huyu kwayo. Kundi la ufadhili alilowekwa mtoto, mkopo uliochelewa na mgao uliopunguzwa na Hazina Kuu ni masuala ya kupelekwa kwa wahusika wake na kwa wabunge wanaopitisha bajeti. Mpiga kura anayemkaripia Naibu Chansela kisha akamshangilia mbunge aliyekata mgao wa chuo amemwacha mwizi akamfunga mlinzi.

Babu na nyanya waliochangia UKAI wengi wao hawakusoma hadi chuo kikuu, na baadhi yao hawakuishi kuiona hati ya mwaka 2013. Walichokitaka hakikuwa cheo cha mtu. Walitaka mtoto wa Kitui na Makueni apate, karibu na nyumbani, elimu ambayo haitatiliwa shaka popote aendako, na shamba lao lipate maarifa ya kulishinda jua. Kila Naibu Chansela anayeingia katika ofisi ile ya Kwa Vonza hulipokea deni hilo pamoja na funguo.